Siku kumi na tatu Ngazija, Mwali na Nzwani: zamu ya kusema na zamu ya kutawala

Nilirudi Unguja Agosti 2023, na wiki tatu baadaye nikaiunga simulizi hii kutokana na kijitabu kilicholowa maji ya chumvi pamoja na picha za simu. Nimekulia Malindi, mtaa wa hapa Unguja, katikati ya majirani Wangazija. Nimekula mikate yao na kuvaa kofia walizozishona, na tangu utotoni nimelisikia jina la Sayyid Ahmad bin Sumait, mwanachuoni aliyezaliwa Itsandra mwaka 1861 akawa kadhi wetu hapa Unguja hadi alipofariki mwaka 1925. Hata hivyo, kama ungeniuliza nchi yao ya Komoro, yenye visiwa vya Ngazija, Mwali na Nzwani, inajitawala vipi, nisingekuwa na jibu zaidi ya lile la redioni, kwamba tangu uhuru wa 1975 imeona mapinduzi na majaribio ya mapinduzi zaidi ya 20.

Jumatano, 9 Agosti 2023: Dar es Salaam hadi Moroni

Safari ya angani kutoka Dar es Salaam haizidi sana saa moja na nusu, lakini mimi nilikaa uwanjani saa tano zaidi bila kuambiwa sababu, nikanunua chai mara tatu. Uwanja wa Hahaya uko kaskazini mwa Moroni, mji mkuu ulioko Ngazija, juu ya mawe meusi ya volkano ambayo kwa mbali nilidhani ni shamba lililochomwa moto. Nililipa viza mlangoni, euro 30 taslimu, na ofisa akanirudishia pasipoti huku akinisalimu kwa Kiswahili safi.

Agosti ndio msimu wa "wajevyani", jina la utani la Wakomoro waishio Ufaransa, kwa kuwa kila mwaka huahidi kwa Kifaransa "je viens", yaani "ninakuja". Mbele yangu kwenye foleni ilikuwepo familia moja kutoka Marseille yenye mabegi kumi na moja. Baadaye nilikuja kufahamu yaliyokuwamo ndani yake.

Mwenyeji wangu ni binamu wa jirani yetu wa Malindi, mwalimu mkuu wa shule, mwenye umri wa miaka 58. Nitamwita Mwalimu tu. Alinipokea na mtoto wake mdogo, ambaye aliniambia "Kwezi" huku akinyoosha mikono miwili. Nilibaki nimeduwaa mpaka Mwalimu akaninong'oneza kwamba mkubwa hujibu "Mbona". Ajifunze maneno hayo mawili kila mgeni kabla ya kupanda ndege, kwa maana yatamfungulia milango mingi kuliko Kifaransa.

Kwa atakayefuata: chukua euro taslimu. Faranga ya Komoro imefungwa kwa euro, moja kwa takriban 492, hivyo hakuna haja ya kuhangaikia bei ya kubadilisha. Mashine za kutolea fedha ni chache hata Moroni, na nje ya mji zisahau. Teksi za kuchangia mjini nilizipanda kwa faranga 300 hadi 500. Unapunga mkono, unataja mtaa, na dereva anakubali au anaondoka.

Alhamisi, 10 Agosti: Moroni

Asubuhi tulitembea mji mkongwe wa Badjanani, ambao vichochoro vyake vingeweza kuwa vya Mji Mkongwe wetu kama kuta zisingekuwa nyeusi. Msikiti wa Ijumaa ulioko ufukweni, wenye matao meupe yanayotazama bandari ndogo, husemwa kuwa ulijengwa mwaka 1427.

Mchana tulikwenda Hamramba kuliona jengo la Bunge, lililojengwa na Wachina. Bendera ilipepea juu yake, na Mwalimu, kwa tabia ya walimu, alimwamuru mwanawe aisome. Mtoto aliisoma kama sura ya Kurani: njano ni Mwali, nyeupe ni Maore, nyekundu ni Nzwani, buluu ni Ngazija, na nyota nne ni visiwa vinne. Nilitaka kusema kwamba serikali hii inatawala visiwa vitatu tu, kwa kuwa Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte, ilibaki mikononi mwa Ufaransa; lakini Mwalimu alinitazama kwa namna iliyonifanya ninyamaze.

Jioni ndipo aliponieleza habari ya zamu. Mwaka 1997 Nzwani na Mwali zilijitenga, zikaomba hata kurudi chini ya Ufaransa, nayo Ufaransa ikakataa. Baada ya miaka ya mazungumzo, makubaliano yalitiwa saini Fomboni, mji mkuu wa Mwali, Februari 2001, na Desemba mwaka huo wananchi wakapigia kura katiba mpya: urais uzunguke kisiwa hadi kisiwa. Kisiwa chenye zamu kilifanya kwanza mchujo wake peke yake na kubakisha wagombea watatu, kisha nchi nzima ikachagua mmoja kati ya hao. Mtu wa Ngazija asingeweza kushinda bila kura za Nzwani, wala mtu wa Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, asingezamishwa na wingi wa wenzake. Kwa utaratibu huo Azali Assoumani wa Ngazija alitawala kuanzia 2002, Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani kuanzia 2006, na Ikililou Dhoinine wa Mwali kuanzia 2011. Mwaka 2016 zamu ikarudi Ngazija na Azali akarudi nayo. "Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuwa ngumu," alisema Mwalimu, akaenda kuswali Isha.

Ijumaa, 11 Agosti: bangweni

Ni siku moja, lakini imechukua kurasa nane za kijitabu changu.

Kila mji wa Ngazija una bangwe, yaani uwanja wa kukutania wenye mabaraza ya mawe, kwa kawaida karibu na msikiti. Mgeni anaweza kudhani ni mahali pa kucheza bao na kupiga soga, na kweli bao lilikuwepo. Mambo ya mji, hata hivyo, huamuliwa hapo: ugomvi wa mpaka wa shamba, mchango wa barabara, faini ya kijana aliyemtukana mzee, hata nani apewe kura. Nilikwenda kwenye mji wa Mwalimu, kama saa nzima kutoka Moroni kwa gari, baada ya sala ya Alasiri.

Nilikuwa nikiingia nyuma ya Mwalimu, nikitarajia aketi mbele. Hakuketi mbele. Alipita mabaraza mawili yaliyokuwa na nafasi tele, akaenda kukaa pembeni pamoja na vijana ambao baadhi yao aliwafundisha kusoma. Kwenye baraza la juu alikuwepo mwanamume ambaye sidhani kama alikuwa amefika miaka 40, amejitupia begani ile shali waiitayo mharuma, na yeye ndiye aliyefungua mazungumzo. Suala lilikuwa tangi la maji la mji, lililopasuka. Mwalimu alilijua suala hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu maji ya shule yalitoka humo; alimnong'oneza jirani yake, jirani akampelekea maneno mtu wa baraza la kati, naye ndiye aliyeyasema kwa sauti. Yalikubaliwa pale pale.

Nilimwuliza njiani kwa nini hakusema mwenyewe. Alicheka. Hajafanya anda, arusi kubwa, ile ambayo mwanamume hulisha mji mzima, huoa kwa dhahabu na ng'ombe, na kutoka humo akiwa mdru mzima, mtu kamili. Mpaka aifanye, yeye bado ni mwanamdji, mtoto wa mji, hata akiwa na wajukuu. Ana mke na watoto wanne kwa ndoa ya kawaida, ana vyeti viwili vya chuo, na kwenye karamu za mji yeye hubeba sinia.

Nilikasirika kwa niaba yake, nadhani kuliko alivyokasirika yeye. Alinikumbusha kwamba Ali Soilih, aliyeshika nchi miezi michache tu baada ya uhuru, alijaribu kuifuta anda, akaziteketeza kumbukumbu za serikali na kuwapa vijana mamlaka juu ya wazee. Mwaka 1978 mamluki wa Mfaransa Bob Denard walimwangusha, akauawa, na anda ikarudi. "Serikali huja na ndege na huondoka na ndege. Bangwe halina uwanja wa ndege," aliniambia mzee mmoja aliyesoma Unguja kabla ya 1964 na ambaye nilimwita bakoko, babu, kama wenzangu walivyomwita. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Jumamosi, 12 Agosti: anda

Bahati ilitaka kesho yake iwe anda ya mtu wa mji wa jirani, mjevyani wa Marseille. Mabegi kumi na moja ya uwanjani yalikuwa yake au ya mfano wake: bushuti zilizotariziwa, vitambaa, manukato. Wanawake walipaka usoni msindzano, ule unga wa msandali, wakaja wakiimba huku wamebeba dhahabu ya bibi harusi wazi wazi ili kila mtu aione na kuihesabu.

Jambo nililolishika kuliko yote ni mgao wa nyama. Ng'ombe walichinjwa, kisha mtu mmoja akasimama na daftari la shule lenye mistari, akaita majina ya miji na madaraja ya watu, na kila aliyeitwa akapewa fungu linalolingana na cheo chake. Fungu moja lilikosewa. Karamu nzima ilisimama kwa takriban dakika arobaini huku wazee wakitoleana hoja za kisheria juu ya kilo mbili za paja, na kosa lilipopatikana, aliyekosea akalipa faini papo hapo.

Nyumba ambamo bwana harusi huingia si yake. Ngazija, ardhi ya ukoo iitwayo manyahuli hupita kwa mama kwenda kwa binti, na nyumba hujengewa msichana. Mume huja kwake na mkoba wake. Kwa hiyo wanaume ndio wanaopanga mambo bangweni, lakini wanalala katika nyumba za wake zao.

Pilau nilikula hadi nikaona haya. Jioni, kando ya barabara, tukaongeza mabawa ya kuku ya kuchoma na pilipili yao, putu, inayotoa machozi bila msiba. Faranga 1,000 watu wawili.

Jumapili, 13 Agosti

Nilipumzika, nikatembelea majabali ya Iconi, ambako wanawake wanasimuliwa kujitupa baharini wasichukuliwe watumwa na wavamizi kutoka Bukini, yaani Madagaska. Nilijifunza pia kwa nini tangi lile la maji lilistahili kikao kizima: Ngazija haina mto wa kudumu, maana mvua huzama katika mawe ya volkano ya Karthala, na watu hunywa maji ya mvua yaliyohifadhiwa. Majivu ya Karthala yalipomwagika mwaka 2005 yaliharibu matangi mengi mno.

Jumatatu na Jumanne, 14–15 Agosti: kukwama Chindini

Mashua za kwenda Mwali huondoka Chindini, ncha ya kusini ya Ngazija. Nilifika saa moja asubuhi. Kusi ilikuwa ikivuma, na nahodha alitazama bahari, akatema mate, akasema hapana. Siku ya pili alisema hapana tena. Nyumba ya wageni sikuiona. Mama mmoja muuza samaki, aliponiona nimekalia begi langu kwa saa sita, alimtuma binti yake aje kunichukua. Nililala siku mbili kwenye baraza lao, nikala ndizi za nazi na samaki, na nilipotaka kulipa alinionya nisimvunjie heshima. Nilimwachia mtoto mdogo kalamu zangu zote.

Tahadhari kwa wajao: msimu wa kusi wekeni siku mbili za ziada kati ya kila kisiwa, daini jaketi la kuokolea kabla ya kulipa nauli, na fungeni kila kitu ndani ya mfuko wa plastiki. Kijitabu changu ni ushahidi.

Jumatano na Alhamisi, 16–17 Agosti: Mwali

Tulivuka kwa saa mbili hivi na kushuka Hoani tukiwa tumelowa mpaka shingoni. Nauli ilikuwa faranga 12,500. Mwali ni kijani na ina mito, nayo ni tulivu kiasi kwamba mbwa wa Fomboni hulala katikati ya barabara kuu. Kisiwa kimewahi kutawaliwa na malkia, Jumbe Fatima, katika karne ya 19, na watu hulitaja jambo hilo mapema katika mazungumzo, hasa na mtu wa Ngazija akiwepo.

Itsamia nilikwenda usiku pamoja na mlinzi wa kasa wa kijiji. Tulikaa mchangani bila taa. Kasa mmoja alipanda taratibu kama mzee apandaye ngazi, akachimba kwa mapezi ya nyuma, akataga, akafukia, akarudi. Mlinzi alieleza kwa kunong'ona kwamba zamani kijiji kiliwala na sasa kijiji chenyewe ndicho kinachowalinda, na kwamba hakuna waziri aliyewaambia wafanye hivyo.

Nilimwuliza Mwali ilipata nini kwa zamu yake ya urais. Alifikiri muda mrefu. "Tulipata kuulizwa," alijibu.

Ijumaa hadi Jumapili, 18–20 Agosti: Nzwani

Meli ndogo ya mizigo, mbuzi, magodoro na mimi tulifika Mutsamudu alfajiri. Nzwani ni milima iliyosimama wima na watu wengi kupita nafasi. Mji mkongwe umebanana chini ya ngome ya karne ya 18 ambayo mizinga yake bado inaelekea baharini. Wanawake hupita wamejifunga shiromani nyekundu na nyeupe.

Mara tu muuza duka aliposikia lafudhi yangu aliacha wateja. Machi 2008, alipokuwa kijana, majeshi ya serikali ya Muungano wa Komoro yakisaidiwa na askari wa Umoja wa Afrika, Watanzania wakiwemo, yalitua kisiwani kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, rais wa kisiwa aliyekataa kuachia madaraka. Bacar alikimbilia Maore. Muuza duka alikumbuka askari mmoja aliyemwomba maji ya kunywa kwa Kiswahili, na jinsi mama yake alivyotoka mafichoni kwa sababu ya neno "tafadhali". Alikataa kuchukua pesa ya sabuni.

Lakini hasira yake ya sasa haikuwa ndogo. Kwa katiba ya zamani, zamu ya Nzwani ingefika 2021. Julai 2018 ilipigwa kura ya maoni ambayo upinzani uliisusia. Katiba ikabadilishwa, nafasi za makamu wa rais zikafutwa, na kisiwa chenye zamu kikaruhusiwa vipindi viwili mfululizo. Oktoba mwaka huo kulipigwa risasi katika vichochoro vile vile nilivyokuwa nikipita. Azali alichaguliwa tena 2019, mwaka huo wa 2023 alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, na uchaguzi mwingine ulikuwa Januari 2024. Watetezi wake, nami niliwasikia Moroni, husema nchi haiwezi kujenga chochote ikiwa kila miaka mitano inaanza upya kwenye kisiwa kingine. Hoja hiyo ina uzito. Mimi naona tatizo ni kubadilisha zamu wakati anayebadilisha ndiye aliyeishika, na kule bangweni mtu wa namna hiyo angetozwa faini.

Jumamosi nilipanda mlimani kuona langilangi zikikamuliwa. Maua huchumwa alfajiri, hutiwa ndani ya chungu kikubwa cha shaba na kuchemshwa tangu asubuhi hadi usiku. Kilo mia moja za maua hutoa lita mbili hivi za mafuta, ambayo huishia katika manukato ya Ufaransa. Kuni za kuchemshia zimekata misitu, na mkamuaji alinionyesha kwa kidole korongo ambalo babu yake aliogelea na ambalo sasa ni mawe.

Jumapili nilikaa bandarini. Maore iko karibu kilomita 70 tu. Mwaka 1974 visiwa vitatu vilipiga kura ya uhuru karibu kwa kauli moja, Maore ikakataa kwa wingi wa kura; mwaka 1995 Ufaransa iliweka viza, na 2011 ikaifanya Maore mkoa wake kamili. Tangu viza ilipowekwa watu huvuka usiku kwa vidau waviitavyo kwasakwasa, na wengi wamekufa maji. Aprili 2023 Ufaransa ilipoanza operesheni kubwa ya kuwafukuza, Komoro ilikataa kwa muda kuwapokea, kwa hoja kwamba mtu hawezi kurudishwa kwao kutoka kwao. Nikiwa pale meli iliteremsha watu. Msichana mmoja alikuwa na mkoba wa shule mgongoni na viatu mkononi. Aliongea Kifaransa na dada yake, kisha akamwuliza mchukuzi, kwa lugha ambayo nami niliielewa, kama maji ya bomba pale yananyweka.

Jumatatu, 21 Agosti: kurudi

Ndege ndogo kutoka Ouani, uwanja wa Nzwani, ilinifikisha Hahaya kwa muda mfupi kuliko niliosubiri begi. Gharama zote, ukiacha tiketi ya Dar es Salaam, zilikuwa chini kidogo ya euro 600, na zingekuwa zaidi kama watu wangekubali kulipwa.

Mwalimu alikuja kuniaga, safari hii akiwa na daftari la shule lenye mistari kama lile la mgao wa nyama. Alilifungua juu ya boneti ya gari. Kulikuwa na orodha: ng'ombe wangapi, mchele magunia mangapi, dhahabu ya kiasi gani, nani wa Marseille ameahidi nini na nani bado hajajibu simu. Juu ya ukurasa ameandika Agosti 2025, akaikata, akaandika Agosti 2026. Jina langu lilikuwa la mwisho, na mbele yake ameandika kwa wino mwekundu: karafuu, kilo tano, kutoka Unguja.